Siku moja maishani mwangu: kutembeza wageni katika nyayo za Sayyida Salme

Saa 12 asubuhi. Natembeza watalii hapa Unguja. Wageni wangu wa leo, mama na binti yake kutoka Ujerumani, wameomba siku nzima ya Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, aliyeishia ughaibuni kwa jina la Emily Ruete. Kabla ya kutoka napitia tarehe zangu kwenye daftari. Mjini hapa Salme anasimuliwa kama hadithi ya mapenzi tu, na mimi hilo linaniuma.

Saa 2. Tunakutana Forodhani. Binti anatazama Beit al-Ajaib, jengo lililoporomoka sehemu ya mbele Desemba 2020, anauliza kama Salme aliishi humo. La. Lilipomalizwa na kaka yake Barghash mwaka 1883, Salme alikuwa Ujerumani, mjane mwenye watoto watatu. Yeye aliondoka usiku wa tarehe 24 Agosti 1866 kwa manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akiwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Mtoto wa sultani kubeba mimba ya Mkristo nje ya ndoa! Angebaki, roho yake ingekuwa mashakani. Alijifungua Aden, akamngoja Ruete huko, na tarehe 30 Mei 1867 akabatizwa na kuolewa siku hiyo hiyo. Mtoto yule wa kwanza hakuumaliza mwaka.

Saa 4. Tumo garini kuelekea Mtoni, njia ya Bububu. Mama ananiuliza waliongea lugha gani, Salme na mumewe. Kiswahili. Naona ameshangaa. Basi fikiria Agosti 1870, Ruete anapogongwa na tramu Hamburg na kufariki: mwanamke wa miaka 25 amebaki katika nchi ya baridi, na mtu wa kuzungumza naye lugha ya kwao ndani ya nyumba ndiye huyo aliyezikwa. Baadaye alifundisha Kiarabu ili watoto wapate kula.

Saa 5. Mtoni ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pote. Kuta za kasri la Seyyid Said zimebaki magofu, bahari iko pale pale. Hapa Salme alizaliwa mwaka 1844, mama yake akiwa suria Mcherkesi, mtu wa milima ya Kaukazi, na hapa aliona tausi na mbuni wakitembea uani. Watoto wa kike walifundishwa kusoma, si kuandika. Yeye akajifundisha mwenyewe kwa siri. Kalamu hiyo ndiyo iliyomponza. Mwaka 1859 Barghash alipotaka kumpindua kaka yao Majid, aliyekuwa sultani, alihitaji mtu wa kumwandikia barua, na Salme, msichana wa miaka 15, akawa ndiye karani wa uasi. Uasi ukashindwa. Barghash akapelekwa Bombay.

Hapo nawaomba wageni wasimame kidogo, maana wengi huipita sehemu hii. Barghash aliujua uhamisho. Alirudi, na mwaka 1870 akawa sultani. Salme alipokuja mwaka 1885, akiletwa na Wajerumani wakati manowari zao zikimshinikiza sultani juu ya ardhi ya bara, watu walimfuata mitaani wakimsalimu. Kaka yake hakutaka kumwona, wala hakumpa urithi aliokuja kuudai. Mwaka 1888, Barghash akiwa amekwisha kufariki, akajaribu tena, na urithi hakuupata. Mimi simhukumu Barghash kwa wepesi. Dada yake aliingia bandarini pamoja na mizinga ya watu waliotaka kumnyang'anya nchi. Lakini walikuwa ndugu wa baba mmoja, na barua za uasi wake ni mkono wa dada huyo ulioziandika.

Binti ananiuliza kwa sauti ya chini: je, watumwa? Anajua kwamba Hamburg waliupa uwanja jina la Emily Ruete mwaka 2019, kisha wakaliondoa kwa sababu ya aliyoyaandika juu ya utumwa. Ni kweli, katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 aliutetea. Namwambia sina la kumfichia. Waliopika na kufua katika jumba hili nao walitolewa makwao, wengine kutoka pande za Ziwa Nyasa, na hakuna manowari iliyowarudisha wakaangalie walikozaliwa.

Saa 7. Sala, chakula, kivuli.

Saa 9. Tumerudi mjini, mbele ya kasri la pwani. Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani, alitolewa hapa kwa mizinga ya Waingereza mwaka 1896, akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na mwisho akafia Mombasa mwaka 1927. Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho, aliondoka kwa meli siku ya Mapinduzi, 12 Januari 1964. Mombasa walimkatalia kushuka, akapita Dar es Salaam hadi Uingereza, akaishi Portsmouth zaidi ya miaka 50. Oman ilimpokea mwaka 2020, akafariki Muscat mwishoni mwa 2024.

Saa 11. Wageni wamekwenda hotelini. Napita barazani kunywa kahawa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Leo umewahadithia nani?"

Namwambia. Anatikisa kichwa. Dada yake aliondoka mwaka ule ule wa 1964, hakuwa na taji wala meli. "Huyo hahadithiwi," ananiambia, "na wala mimi sijui kaburi lake liko upande gani." Nimekosa jibu. Nimemwagizia kahawa nyingine, tukakaa.

Saa 2 usiku. Nyumbani nafungua daftari. Kawaida namaliza ziara kwa mchanga wa Zanzibar ambao Salme aliutunza hadi alipofariki Jena mwaka 1924, ukazikwa naye Hamburg. Wageni hulia hapo, na wakishalia hawaulizi tena. Kesho nina kundi jingine. Nitaanza Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa hadi 1873, na baada ya hapo ndipo twende Mtoni. Mchanga nitausema garini, tukiwa bado njiani, ili Mtoni wapate nafasi ya kuuliza.