Vizibo vilivyozidi chupa

Tulitaka kuhesabu taka za ziwa, na shida ya kwanza ilikuwa kupata mita 100 za ufuo. Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo, imejipanga kando ya Ziwa Kivu, lakini kuyafikia maji ni kazi: ukuta, geti, ukuta tena. Tulitembea mtaa wa Nguba mpaka tukapata kipande kilicho wazi, tukanyoosha kamba na kugawana karatasi. Ilikuwa Septemba 2019, mvua zimeanza, na mito kama Kahuwa ilikuwa inashusha uchafu wa mitaa ya juu.

Tulifuata utaratibu wa watu wa kujitolea kwenye fuo za Ulaya: mita zilezile kila mara, kila taka iokotwe, itajwe, iandikwe kwenye mstari wake. Usafi peke yake hausemi uchafu umetoka wapi, na mimi hilo ndilo nililotaka kulijua. Fomu ilitungwa kwa ajili ya Atlantiki ya Kaskazini-Mashariki, ina aina zaidi ya 100. Vijiti vya pamba ya masikio vina mstari wao, mitego ya kaa vilevile. Sashe za pombe kali zinazouzwa kwetu hazikuwa na mahali. Tuliziongeza kwa biki, chini kabisa.

Mzee mmoja mvuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, aliyekuwa akishona wavu, alitutazama muda mrefu.

“Mutoto yangu, uchafu banaokota, habaandike.”

“Papa, tunataka kujua ni nini kinachozidi.”

Alirudia wavu wake.

Vipande vya mifuko myeusi ya plastiki vilikuwa vingi kupita kiasi, ingawa amri ya serikali ya kuipiga marufuku ilitoka Desemba 2017. Hilo liliniuma bila kunishangaza. Kilichonisimamisha ni vizibo. Kila tulipoinama, kizibo: chekundu, cha buluu, cheupe. Chupa zenyewe zilikuwa chache mno. Mwenzangu mmoja alikuwa tayari kuandika kwamba hapa chupa si tatizo kubwa, na kwa karatasi ile alikuwa na haki.

Nikarudi kwa mzee. “Papa, chupa ziko wapi?”

Ndipo akauweka wavu chini. Alfajiri, alisema, watoto wanapita ufuo wote na magunia. Mama wa sokoni wananunua chupa, wanaziosha, wanatilia mafuta ya mawese ao kasiksi, pombe ya ndizi. Kizibo kilichotupwa mbali na chupa yake hakina mnunuzi. Na chupa zilizo katikati ya maji, pasipofika mkono wa mtoto, zinakwenda zao Ruzizi, mto unaotoka ziwani. Hapo hakuwa na haja ya kunieleza zaidi: kila mkaaji wa Bukavu amesikia jinsi plastiki inavyoziba bwawa la Ruzizi, mitambo ikasimama, mji ukabaki gizani.

Nilikaa kwenye jiwe na fomu mapajani. Hesabu yetu ilikuwa sahihi, mstari kwa mstari, na bado ingempoteza yeyote ambaye angeisoma bila yule mzee. Zile chupa chache zilitokana na kazi ya watoto ambao hakuna aliyewahi kuwaandika popote, na ziwa halikuwa safi zaidi kwa sababu hiyo.

Tulichora safu mpya pembeni: “vilivyochukuliwa kabla yetu”. Safari iliyofuata tulifika kabla ya jua, tukawauliza watoto kilichomo kwenye magunia, tukaandika, kisha ndipo tukanyoosha kamba.