Risiti ya Fundi wa Taa: Nilivyolinda Malipo Yangu Sheria ya Ushuru Ilipobadilika

Mimi ni mpiga picha za video jijini Nairobi, sijaajiriwa na mtu. Tukikutana wenzangu na mimi, mazungumzo ya ushuru huwa ni ya asilimia: nini kimepanda, nini kinakuja. Lakini asilimia 5 ya ushuru wa zuio, ambayo wateja hutukata kabla ya kutulipa na kuipeleka serikalini, ilikuwapo miaka mingi, na bado ni ileile. Kilichobadilisha mfuko wangu ni risiti.

Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka sharti kwamba kuanzia Januari 1, 2024, gharama ya biashara haiondolewi kwenye mapato yako isipokuwa ina ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na ankara hiyo ibebe PIN yako, yaani namba yako ya mlipa ushuru, wewe uliyenunua. Imesamehe mambo machache, kama mishahara, riba na tiketi za ndege. Gharama zangu haziko huko.

Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ya kazi moja ya Sh100,000. Mteja anakata Sh5,000, naingiziwa Sh95,000. Kutoka hapo nalipa lenzi na taa za kukodi, mtu wa sauti, fundi wa taa, usafiri na chakula cha kikosi, jumla Sh40,000. Faida ni Sh60,000. Lakini nikikosa ankara za eTIMS, kwenye ritani, ile fomu ya kila mwaka ya kutangaza mapato, mimi ni mtu aliyepata Sh100,000 kamili. Mapato ya mwaka yakishapita Sh388,000, kinachozidi hutozwa asilimia 30 mpaka ufike milioni 6. Kwa hiyo zile Sh40,000 ambazo kwa kweli zilikwenda kwa watu wengine zinanigharimu Sh12,000 za ushuru. Ile asilimia 5 angalau unadai ihesabiwe unapojaza ritani. Hizi Sh12,000 hazirudi.

Nikachapisha taarifa yangu ya M-Pesa na kuipanga kwa majina ya waliopokea pesa. Sikujali ilikuwa pesa ya nini, nilitaka kujua ni nani. Hapo kazi ikawa nyepesi. Maduka ya vifaa, wanaokodisha kamera na vituo vya mafuta tayari walikuwa kwenye eTIMS, ilibaki mimi kutaja PIN kabla ya kulipa, kwa sababu ukiomba baadaye unazungushwa. Kazi kubwa ilikuwa kwa watu wangu mwenyewe.

Fundi wa taa ninayefanya naye kazi ni mzee kwangu, na alinijibu waziwazi: "Kijana wangu, nikikuandikia hiyo ankara, si KRA watanijia mimi?" Hofu yake ilikuwa na msingi, na sikutaka kumsukumia mzigo wangu. Nilimwonyesha hesabu yake mwenyewe. Kiwango cha chini kabisa ni asilimia 10 ya Sh288,000 za kwanza kwa mwaka, yaani Sh28,800. Na nafuu ya kibinafsi ambayo kila mkazi anapewa ni Sh28,800. Mtu ambaye faida yake ya mwaka haijavuka hapo hadaiwi ushuru wa mapato, ila lazima awasilishe ritani kabla ya Juni 30 kwisha. Malipo yangu kwake hayafiki Sh24,000 kwa mwezi, kwa hiyo hata zuio simkati. Tulijaza ritani yake pamoja, kisha tukatoa ankara ya kwanza kwa simu yake ya kawaida kupitia *222#. Siku hizi ananiuliza yeye, "PIN yako ni ileile?"

Mama anayetupikia tukiwa nje ya mji hakutaka kabisa mambo ya kubonyeza menyu. Kwake nilisubiri mpaka sheria iliyoanza kutumika Desemba 27, 2024 iliporuhusu mnunuzi aandike ankara yeye mwenyewe, mradi muuzaji awe mdogo, wa mauzo yasiyozidi milioni 5 kwa mwaka. Mimi naandika, yeye anaikubali kwenye simu. Kwa maoni yangu hilo ndilo badiliko lililofanywa kwa kuwafikiria watu wadogo, na nasikitika kwamba wengi hawajalisikia.

Katikati ya haya yote palikuwa na mtikisiko. Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufaa ilitangaza Sheria ya Fedha ya 2023 kuwa kinyume cha Katiba. Wenzangu wengi waliacha kudai ankara siku hiyohiyo. Mimi niliendelea, kwa sababu ankara usiyoihitaji unaiweka tu, lakini kumfuata muuzaji miezi mitatu baadaye akutolee ya nyuma ni shida tupu. Mwezi Agosti Mahakama ya Juu ilisimamisha uamuzi huo, na Oktoba 29 ikautupilia mbali. Sharti la risiti likabaki.

Upande wa wateja, nilibadilisha namna ninavyotoa bei. Zamani nilitaja jumla moja. Sasa naandika ada yangu peke yake, na ninamwomba mteja alipe hoteli na ukodishaji mkubwa moja kwa moja, ankara zitoke kwa PIN yake. Pesa hiyo haipiti kwangu, haikatwi zuio, wala mimi sitafuti ushahidi wake. Wateja wa mashirika walikubali haraka kwa sababu nao wanahitaji ankara hizo.

Cheti cha zuio, kinachothibitisha kwamba asilimia 5 yangu imefika KRA, nacho nakifuatilia bila aibu. Tangu Julai 2023 anayekata anapaswa kuwasilisha pesa hizo ndani ya siku tano za kazi, kwa hiyo wiki ikipita naingia iTax, tovuti ya ushuru ya KRA, kuangalia. Mteja mmoja alikata na cheti hakikuonekana. Nilimwambia kwa heshima kwamba kazi ya pili itaanza kikifika. Kilifika.

Ya bima ya afya nitaigusa tu. NHIF, mfuko wa zamani wa bima hiyo, tulilipa Sh500 kwa mwezi. Tangu Oktoba 2024 asiye na mshahara anakadiriwa mapato ya kaya na kulipia mfuko mpya asilimia 2.75 yake kwa mwaka mzima, kwa hiyo naweka akiba kidogo kwa kila kazi. Afueni ni kwamba mchango huo sasa unaondolewa kwenye mapato kabla ya kutozwa ushuru.

Kilichobaki bila dawa ni boda boda na matatu. Hakuna mwendeshaji atakayesimama kando ya barabara ya Thika akutolee ankara ya Sh150. Kwa hiyo nimeingiza ushuru kwenye bei: usafiri wa Sh1,000 usio na risiti namwandikia mteja Sh1,430, kwa sababu ikitolewa asilimia 30 inabaki Sh1,000 niliyotumia. Wakiuliza nawaonyesha hesabu hiyo. Wapo wanaokubali, na wapo wanaoamua kututumia gari lao. Lakini kijana anayeanza kazi hana nguvu ya kumwambia mteja hivyo, na yeye ndiye anayepanda boda kuliko sisi sote. Nauli ndogo kama hizi zingekubaliwa kwa taarifa ya M-Pesa, yenye jina la aliyelipwa, tarehe na kiasi, angebaki na pesa yake.