D mbili za TCU hazikupeleki Kijitonyama

Kila mwezi wa saba matokeo ya fomu siksi yakitoka meseji zinaanza, bro nina wani ya tisa (divisheni wani, pointi 9) PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hesabu, vipi sayansi ya kompyuta UDSM naingia? Na wengi wanaouliza washasoma kitabu cha mwongozo cha TCU, ile tume ya vyuo vikuu, wameona kigezo cha chini ni pointi 4 kwenye masomo mawili, yaani hata D mbili zinafika, basi washajiona wanafunzi wa Kijitonyama, kampasi ya UDSM ya kompyuta, tayari.

Kwanza pointi zenyewe zinachanganya watu. NECTA, baraza la mitihani, wakipanga divisheni A ni 1, kwa hiyo namba ndogo ndo tamu, wani ya tatu ni A tatu. TCU wanageuza, A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Ile 4 sasa inakuruhusu kuomba tu, nauli unayo ila siti hamna. Siti zimeandikwa kwenye kitabu hichohicho pembeni ya vigezo, kila kozi na nafasi zake, na hiyo namba ndo watu wanairuka. Chuo kinapanga waombaji kuanzia juu kinashuka mpaka nafasi ziishe, wa mwisho kuingia ndo anakuwa kiwango cha mwaka huo, na mwakani kinabadilika kutegemea wameomba kina nani. Ndo maana hakuna mtu anayeweza kukuambia kwa uhakika wani ya tisa inaingia au haiingii, anayekuambia anakudanganya.

Halafu kuna hesabu. Wa michepuo ya PCM, PGM, EGM na siku hizi PMCs wana Advance, yaani hesabu ya juu, hao ndo mnagombania nao. Wa PCB na CBG, michepuo ya Biolojia, mna BAM, hesabu ya msingi, na BAM ni sabsidiari, somo la ziada, haihesabiki kama prinsipo, yaani somo kuu, kwa hiyo hata ukiwa na A ya Biolojia soma vigezo vya kila chuo mstari kwa mstari kabla hujalipa hela ya fomu. Wa diploma mlango wenu ni GPA, TCU wanaanzia 3.0, na vyuo vingine vinaweka juu ya hapo.

Ila kitu ambacho watu hawakielewi kabisa ni awamu za udahili. Tangu 2017 ule mfumo wa kuomba wote kupitia TCU uliondoka, unaomba chuo moja kwa moja, so mtu mwenye A zake anaomba vyuo vitano na anachaguliwa vyote vitano. Awamu ya kwanza mtu mmoja kakalia siti tano jamani! Baadaye anatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha (code) kwenye simu, anathibitisha chuo kimoja, zile nne zinaachiwa. Kwa hiyo ukikosa awamu ya kwanza usikimbilie kozi usiyoitaka kwa hasira, angalia vyuo gani vimetangaza nafasi awamu ya pili. Na wewe ukiwa umechaguliwa sehemu nyingi thibitisha mapema, kuna mtu anasubiri hiyo siti.

Mimi pia sioni kwa nini wote mjazane UDSM. UDOM (Dodoma) pale CIVE, koleji yao ya kompyuta, kuna sayansi ya kompyuta, uhandisi wa programu, mpaka usalama wa mtandao, Mbeya kuna MUST, na hata hapohapo UDSM kuna kozi za jirani kama uhandisi wa kompyuta. Mwajiri atakuuliza umetengeneza nini, labda kama mjomba wako ndo anaajiri.

Mkopo ni habari nyingine, kupata chuo hakumaanishi umepata mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo. Dirisha lao lina tarehe zake, usisubiri mpaka uchaguliwe, na cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi, mapema, wa Zanzibar nyie wakala wenu ni ZCSRA.