Stetasi yako inaishia kwa nani?

Bosi, mwenye nyumba, mwalimu wa mtoto, shemeji na fundi bomba wote wamo kwenye simu moja. Ukiweka stetasi ya WhatsApp bila kugusa mipangilio, inawafikia wote hao, ilimradi nao wamehifadhi namba yako. Picha ya nyama choma uliyowalenga washkaji Ijumaa usiku inakaa saa 24. Mwenye nyumba uliyemwambia kodi itachelewa anaikuta Jumamosi akinywa chai.

Ingia Mipangilio, kisha Faragha, ufungue sehemu ya stetasi. Kuna njia tatu: namba zote ulizohifadhi, zote isipokuwa utakaowatoa, au wale tu utakaowachagua. Wengi hukimbilia ya pili, na hapo ndipo panapovuja: kila namba mpya unayohifadhi inaingia yenyewe kwenye orodha ya watazamaji. Leo umehifadhi namba ya bodaboda, naye akahifadhi yako. Kesho anawaona wanao wakikata keki. Ya tatu inachosha siku ya kwanza tu, ukipitia majina moja moja. Baada ya hapo haingii mtu mpaka umwingize mwenyewe. Ila mabadiliko hayo hayagusi stetasi iliyokwisha kwenda. Ifute, rekebisha orodha, ndipo uiweke upya. Aliyekwishaipiga skrinishoti hana dawa, maana WhatsApp haikwambii.

Halafu kuna kile kijicho chenye namba chini ya stetasi (na kweli ni kijicho). Umeingia kumjibu mteja, ukapita kuangalia nani katazama, na nani kajifanya hajaona. Mteja bado anasubiri. Zima tiki za bluu, hapo hapo kwenye Faragha. Watu huzizima ili wasidaiwe majibu, lakini mimi naona faida kubwa iko upande wa pili: ukizizima, nawe huoni tena majina ya waliotazama stetasi yako. Hakuna cha kuchungulia, mkono unatulia.

Usijidanganye tu kwamba umejificha kabisa. Ukisikiliza ujumbe wa sauti, aliyeutuma bado anajua. Makundi nayo hayafuati mpangilio huo: kwenye kundi la harusi, mweka hazina anabonyeza ujumbe wake wa kukumbushia michango, anafungua taarifa zake, analiona jina lako kati ya waliousoma, na saa uliyousoma.