Udongo wa Ikombe

"Unakwenda kusalimia, mwanangu, au ni kazi?" Mama wa kitanda cha chini aliniuliza hivyo kabla treni haijaiacha vizuri Dar es Salaam. Nikamjibu ni kazi. Nilikuwa kwenye likizo niliyoiomba mwenyewe, kwa nauli yangu, nina miaka 38, na bado niliona aibu kumwambia mtu nisiyemjua kwamba nakwenda Ikombe, kijiji cha wafinyanzi kando ya Ziwa Nyasa, kufinyanga vyungu.

Safari ilianzia kwenye fomu. Ofisini tulipewa fomu ya mafunzo yenye swali dogo: unapenda kufanya nini nje ya kazi? Nilikaa nalo hadi wenzangu wakarudi kula. Mwishowe nikaandika "kusoma vitabu", na ule ulikuwa uongo. Usiku sikulala. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipofanya kitu kwa kukipenda tu, nikajikuta nina miaka tisa, nimechuchumaa kwenye kibaraza cha bibi mzaa mama huko Ikombe, udongo hadi viwikoni.

Mimi ni mtoto wa kwanza, na kwetu mtoto wa kwanza ni mzazi mdogo. Baba, mwalimu wa shule ya msingi, alianza kuniita wakili nikiwa darasa la pili. Wageni wakija: "Wakili, njoo uamkie." Nikasoma sheria, nikaajiriwa benki, nikalipa ada za wadogo zangu wote, na ada hizo siijutii hata shilingi yake. Hakuna aliyenishikia fimbo. Kilichonifunga ni furaha yao. Baba anang'aa uso kila akilitaja jina hilo, utaanzia wapi kumwambia hulitaki? Ile likizo ya utotoni nilirudi kutoka Ikombe na kijungu kilichopinda, nikamwonyesha. Akakipokea, akakigeuza, akasema, "Matope hayana mshahara, wakili." Alisema kwa upole kabisa. Sikugusa udongo tena.

Nilichagua treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kwa sababu basi lingenifikisha mapema mno. Nilitaka njia ndefu. Reli hii ina kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, na ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China. Mimi ningeishia Mbeya, chini ya nusu ya njia. Chumba cha daraja la pili kina vitanda sita, sote wanawake. Jua lilipokuwa linazama tukaingia mbugani, iliyokuwa Selous na sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na twiga watatu wakasimama karibu na reli wakitutazama. Hapo ndipo mtandao ulipokatika. Kundi la familia la WhatsApp, ambalo hunitafuta kwa michango, kwa ushauri, kwa kila jambo, likanyamaza. Saa ya kwanza niliishika simu kama mgonjwa. Baadaye nikaiweka chini ya mto, nikasikiliza magurudumu.

Alfajiri tulikuwa tunapanda kati ya Mlimba na Makambako, kipande kilichowatesa wajenzi kuliko vyote: mahandaki, madaraja, makorongo ambayo huoni mwisho wake. Unaingia gizani, unatoka kwenye ukungu, unaingia tena gizani. Baridi ikanifanya nivae kanga mbili. Yule mama akanikatia kipande cha muhogo, na nikiwa nakitafuna nikamwambia ukweli, kwamba siendi kikazi. Hakushangaa. Akauliza tu kama udongo wa huko hauna mchanga mwingi.

Kutoka Mbeya ni Coaster kupitia Tukuyu, migomba na mashamba ya chai kulia na kushoto na mvua juu ya vyote, kisha unateremka Kyela kwenye joto, mpunga na kakao. Ipinda nikapanda bodaboda hadi Matema. Ziwa Nyasa likatokea ghafla, na Milima ya Livingstone imesimama majini upande wa mashariki kama ukuta. Hakuna barabara ya gari niliyoiona kwenda Ikombe. Ni mtumbwi, au miguu yako.

Mama mdogo, binamu yake mama, alikuwa kwenye kibaraza kilekile. Nikaamkia, akaitikia, akapiga vigelegele: "Wakili amekuja!" Jina limenitangulia hata huku. Nikamwomba kwa siku zile asiniite hivyo. "Haya, nikuite nani?" Nikasema Tusekile, jina alilonipa bibi, ambalo halimo kwenye cheti changu chochote.

Wanawake wa Kikisi ndio wafinyanzi hapa, na vyungu vyao husafirishwa kwa mitumbwi hadi soko la Jumamosi pale Matema, kisha vinakwenda Mbeya na hata kuvuka Malawi. Mama mdogo alitwanga udongo, akautoa vijiwe kimoja kimoja kwa vidole, akauweka kwenye kigae kilichobonyea. Mkono wa kushoto unazungusha kigae, wa kulia unavuta ukuta juu, na chungu kinapanda huku kinazunguka, polepole, hadi tumbo linajaa. Akalainisha kwa gunzi la hindi. Kazi nzima haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai.

Njia nzima nilikuwa nimejiaminisha kwamba mikono yangu itakumbuka. Haikukumbuka kitu. Cha kwanza kilibomoka ubavuni. Cha pili na cha tatu vilichanika nilipofika mdomoni, ule ukingo wa juu. Nilikasirika hadi machozi, kisha nikakanda upya, nikaanza tena, na jua likazama sijajua. Nilipoinuka mgongo unauma nikatambua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimejiuliza hata mara moja nani ananiona. Watu hutuambia "jitafute", kana kwamba yule mtu halisi amezikwa mzima mahali fulani akisubiri jembe. Mimi sikumkuta huyo. Nilikuta jambo ninalolipenda hata ninapolikosea, na jambo la namna hiyo nilikuwa sina kwa miaka karibu thelathini.

Siku ya tatu nikamwambia mama mdogo kwamba ana bahati, ameishi maisha yake yote akifanya hiki. Hakusimamisha kigae.

"Mimi nilitaka kuwa nesi," akasema.

Akaeleza kidogo tu. Binti wa mfinyanzi alikuwa mfinyanzi, hapakuwa na la kuulizana, na shule ilikuwa mbali. Leo chungu kinamlisha na anakijua kuliko mtu yeyote, lakini alipokuwa msichana kigae hiki kilikuwa kwake kama fomu zangu za mikataba. Nikashindwa kusema. Nilikuwa nimeupandisha udongo ule juu sana moyoni mwangu, nikasahau kwamba unaweza kuwa mzigo uliotwikwa mtu mwingine. Akaniangalia, akasema, "Usihuzunike. We fanya chako. Mimi wajukuu wangu nimewaambia wachague."

Ikombe simu hushika ukisimama kwenye jiwe moja kubwa kando ya maji. Ijumaa jioni nilisimama hapo, mikono michafu, nikampigia baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, wakili. Uko wapi? Ndugu zako wanakutafuta."

"Ikombe."

"Kuna msiba?"

"Hapana. Nimekuja kufinyanga."

Akanyamaza. Nilisikia redio yake nyuma, kisha nikasikia anaizima.

"Bado unaharakisha mdomo?" akauliza.

Sikumwelewa.

"Bibi yako alikuwa ananilalamikia. Anasema mtoto ana mkono mzuri, lakini akifika mdomoni anaharakisha, kinachanika."

Miaka yote ile nilidhani alikitazama kile kijungu mara moja tu, akasahau. Nikamwambia ndiyo, bado naharakisha, na viwili vimechanikia palepale.

"Basi lowesha vidole vizuri," akasema. "Halafu unitumie picha."

Mama mdogo alikuwa amenifunikia udongo kwa gunia bichi usikauke. Nikaufunua, nikasogeza bakuli la maji karibu, nikachovya vidole.