Wafu wako wapi sasa hivi?

Mama na shangazi hawakugombana, ila ilikaribia. Tulikuwa chini ya turubai, baba mdogo tumeshamzika, wageni wengi wameondoka na gari la mwisho la kushuka Same. Mama akasema kwa upole tu kwamba shemeji yake sasa anatuona. Shangazi, Msabato wa kuzaliwa, akaweka kikombe chini.

"Wifi, huyo hawezi kutuona. Amelala. Hajui hata kama tumepika makande."

"Kwa hiyo nikimwombea Misa nitakuwa namwombea nani?"

Babu akaanza kuulizia nani atarudisha viti vya watu. Mambo yakaishia hapo.

Upare mazungumzo haya si mageni. Wamisionari Wasabato wa Kijerumani walipanda milima hii mwaka 1903, Walutheri nao wana makanisa yao humu humu, halafu ndoa zikamalizia kazi. Baba mdogo alikuwa Mlutheri kama mimi. Mama ni Mchaga na Mkatoliki, kwa hiyo utani haumwishi. Tunazikana wote, tukishamaliza kuzika kila mmoja anabaki na mbingu yake.

Usiku nilikaa na Biblia. Lazima nikiri kwamba shangazi ana maandiko mazito. Mhubiri 9:5 inasema wafu hawajui neno lolote. Zaburi 146 inasema pumzi ya mtu ikitoka, siku hiyo mawazo yake yapotea. Na Mwanzo 2:7 haionyeshi roho iliyokuwa mahali fulani ikisubiri kuingizwa ndani ya mwili: kuna mavumbi, kuna pumzi ya Mungu, viwili hivyo vikikutana ndipo mtu anakuwapo. Sehemu kubwa ya Agano la Kale iko kimya hivyo. Ayubu anauliza, "Mtu akifa, je, atakuwa hai tena?" na hajibiwi pale pale. Inabidi ufike Danieli 12 ndipo usome waziwazi kwamba walalao mavumbini wataamka.

Lakini mama naye hajatunga. Yesu alimwambia yule mhalifu msalabani, "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Paulo akawaandikia Wafilipi kwamba anatamani kwenda zake akakae na Kristo, na hasemi kama mtu anayekwenda kulala fofofo. Katika Ufunuo 6 waliouawa wanalia chini ya madhabahu, wanauliza hata lini. Habari ya tajiri na Lazaro maskini ninaiacha pembeni. Ni mfano, nami siwezi kuchora ramani ya kuzimu kutokana na mfano. Wakubwa wenyewe wa Uprotestanti hawakukubaliana. Luther alipenda kusema kifo ni usingizi, Calvin akaandika kitabu kizima kupinga wazo la roho kulala.

Kilichonishtua ni andiko la mama la kuombea wafu. Liko katika kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12, ambacho Biblia yetu sisi Waprotestanti haina. Yuda Makabayo anachanga fedha na kuzipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya askari wake waliokufa vitani. Na sababu anayopewa na mwandishi? Kwamba alikuwa anafikiria ufufuo. Kama asingetumaini watafufuka, kuwaombea kungekuwa upuuzi. Kwa hiyo mama na shangazi wanabishana juu ya kituo cha njiani, na safari ni ile ile.

Hapo ndipo ninapoona sisi makanisa tumeteleza. Wathesalonike walikuwa na hofu juu ya ndugu zao waliokufa. Paulo angeweza kuwaambia, "Wako juu, wanawatazama," wakanyamaza. Hakusema hivyo. Aliwaambia waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza, kisha akawaagiza wafarijiane kwa maneno hayo. Imani ya Mitume tunayoikariri kila Jumapili inataja ufufuo wa mwili. Roho kuruka mbinguni haimo.

Halafu kuna lile bango. Mnalijua: "Tulikupenda, lakini Mungu amekupenda zaidi." Lilifungwa mbele ya gari lililobeba jeneza, na mhubiri akalirudia makaburini. Mimi halinifariji hata kidogo. Baba mdogo ana watoto wanaosoma bado; Mungu gani anaonyesha mapenzi hivyo? 1 Wakorintho 15:26 inakiita kifo adui, adui wa mwisho atakayebatilishwa. Yesu alijua anakwenda kumfufua Lazaro wa Bethania, na bado alipofika alilia machozi. Martha alipomwambia kwamba kaka yake atafufuka siku ya mwisho, Yesu hakumkosoa. Na huyo Lazaro, siku nne kaburini, Yohana hakuandika hata neno moja alilosema kuhusu alikokuwa! Shangazi atasema ni kwa sababu hakuona kitu. Mama atasema alikatazwa. Mimi nawashangaa tu wanaouza kaseti na vitabu vya safari zao za mbinguni, ilhali mwenye haki ya kusimulia alinyamaza.

Leo asubuhi bintiye baba mdogo, anayesoma kipaimara, aliniuliza kama baba yake atafufuka na ule mguu uliovunjika zamani. Wakorintho nao waliuliza, wafu huja kwa mwili gani, na Paulo akaanza kwa kuwaita wapumbavu, kwa hiyo nilijibu kwa tahadhari. Nikamwambia mbegu huzikwa hivi ikaota vile. Nikamwambia Yesu aliyefufuka alikula samaki, akaingia milango ikiwa imefungwa, na alikuwa bado na makovu ya misumari, Tomaso akaonyeshwa. Akataka kujua kama makovu hayo yalikuwa yanauma. Yohana hakuandika. Ameliweka swali kwenye daftari, Jumamosi mchungaji atakutana nalo.