Mpira namba 8

Kliniki ya watoto wenye mgongo wazi imeisha saa tisa leo. Foleni ilikwamia kitu kimoja tu: mpira wa mkojo. Wengi wao kibofu hakijimwagi vizuri chenyewe, hivyo mpira huingizwa mara kadhaa kwa siku kutoa mkojo.

Mama wa binti wa miaka mitatu alitumwa duka la dawa akanunue namba 8, yaani unene wa mpira. Akarudi na Foley, ule wenye puto linalojazwa maji ili ukae ndani.

Kinachotakiwa ni Nelaton. Mnyoofu, hauna puto: unaingia, mkojo unatoka, unachomolewa. Namba ileile, kazi mbali kabisa. Na usiwe wa lateksi (mpira wa asili), watoto hawa wengi wana mzio nayo.

Sasa piga hesabu. Mara 5 kwa siku ni mipira 150 kwa mwezi, kama kila mmoja unatupwa. Nani ataiweza? Ndiyo maana wengi huosha na kurudia: sabuni, maji yapite hadi ndani, kung'uta, kuanika. Ukifungwa mbichi kwenye mfuko wa nailoni, vijidudu vinashangilia.

Halafu hili: mkojo ukikata, usichomoe haraka. Vuta polepole, ukianza kutiririka tena, tulia hapo hapo. Mkojo unaobaki kibofuni ndio huleta maambukizi, na figo ndizo hulipa.

Mpira wake wa zamani mama yule anauweka kwenye kasha la mswaki, la pinki, amelitoboa vitundu viwili chini kwa msumari wa moto. Mkavu kabisa.

Mlioko mikoani, Nelaton namba 8 mnaipata wapi, na bei gani? Semeni hapa.